Hellen na Breki za Pijo ya Baba Yake

Hapa mtaani Bilele, cherehani ikianza kuruka mshono, mwenye nayo haulizi mara mbili. Anaibeba hadi mtaa wa Bakoba, kwenye kibanda cha Hellen Byabato. Hellen ana miaka arobaini na sita. Hashoni nguo, anatengeneza mashine za kushonea, na kazi hiyo ameifanya tangu alipomaliza kidato cha nne. Ana tabia moja inayowaudhi wateja wasio na subira: harudishi mashine mpaka ameshona nayo mwenyewe kipande cha kitambaa kirefu kama mkono, akakigeuza, akakitazama juu na chini. Mshono mmoja ukilegea, anafungua upya. Ukimwambia una haraka, anakuambia uichukue, lakini usiseme imetoka kwake.

Mimi ni jirani yake. Nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa michongoma. Nimefundisha sekondari miaka ishirini na mitatu na sina mazoea ya kusifu watu, maana sifa za bure zimeharibu wanafunzi wengi kuliko viboko. Lakini mwaka jana, kati ya Juni na Septemba, niliona kwenye uwanja wa Hellen jambo ambalo mpaka leo nalisifu. Lilihusu breki za gari kuukuu.

Gari lenyewe ni Pijo 404 ya mwaka 1966, nyeupe iliyogeuka rangi ya maziwa yenye chai kidogo. Baba yake Hellen, Mzee Joackim Byabato, alikuwa karani wa kununua kahawa. Aliipata mwaka 1974 kwa padri aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Siku aliyokabidhiwa ufunguo alimpandisha mkewe, Felicitas, wakaenda moja kwa moja kwenye kibanja chao, shamba la ukoo lenye migomba na kahawa, Kamachumu, wilaya ya Muleba. Watu walitoka migombani kumwangalia mwanamke wa Kihaya akishuka kwenye gari la padri kana kwamba amelizoea. Ma Felicitas amenisimulia habari hiyo zaidi ya mara ishirini na haijawahi kuongezeka wala kupungua.

Mzee Byabato hakuipeleka Pijo kwa fundi. Kila Jumamosi aliingia chini ya gari mwenyewe, na katika watoto wake sita ni Hellen aliyekuwa akimpa spana. Alimfundisha kwamba injini ikiharibika utachelewa, lakini breki ikiharibika utafika kwa watu ambao hawakukualika. Kwa hiyo breki, alisema, ni deni la dereva kwa kila mtu aliye njiani, hata yule asiyemjua.

Mwaka 2013 alizifungua breki zote nne azifanye upya. Alipiga lainingi mpya, yaani ule ukanda mgumu unaofungwa juu ya kiatu cha breki ili ushike drami, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Kabla hajavirudisha viatu mahali pake akaugua, na baada ya wiki sita akafariki. Mwili wake ulipelekwa Kamachumu kwa pikapu ya kukodi, huku gari lake likiwa juu ya matofali bila magurudumu. Ma Felicitas hakulisahau hilo. Alikuwa akisema mumewe alikwenda kwake kwa gari la watu, kama mgeni.

Kibanja kilikwenda kwa Kamala, mtoto wa kwanza wa kiume, kama desturi inavyotaka. Pijo, kwa neno la marehemu mbele ya wazee wa ukoo, ilikuwa ya Hellen. Wengine walicheka kimyakimya. Binti ambaye hakuolewa alikuwa amerithi gari ambalo halikuweza kusimama wala kwenda.

Likakaa hivyo miaka kumi na moja chini ya paa la mabati. Hellen alikuwa akimtunza mama yake, na vyerehani vilikuwa vinamngoja. Ma Felicitas ndiye aliyelihudumia. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya mumewe, aliagiza samli ya ng'ombe kutoka Karagwe, akaipaka Pijo kwa kiganja kuanzia boneti hadi milango. Kwa wazee wetu samli haikuwa ya kupikia tu. Bibi zetu walijipaka mwilini, walipaka ngozi za ngoma na mipini ya mikuki ya waume zao, kwa sababu kitu cha heshima hakiachwi kikauke. Tulimtazama akilipaka gari, tukaona ni mapenzi ya mjane, tukamwacha.

Mwaka jana Kamala akamaliza kulijengea kaburi la baba yao. Misa ya kulibariki ikapangwa Jumamosi ya pili ya Agosti. Ma Felicitas alikuwa na miaka themanini na mitatu, na daktari alikwisha kuwaambia watoto kwamba moyo wake umechoka. Walipokuja kumweleza habari za misa, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atakwenda kwa Pijo. Walimwambia Kamala ana gari zuri lenye viti laini. Akajibu kwamba mara ya kwanza alifika pale kwa Pijo, na anataka Joackim amwone akishuka kwenye Pijo. Walipozidi kumbembeleza akaomba apewe fimbo yake, akaingia ndani kulala.

Wote wakamgeukia Hellen. Hellen akasema itakwenda.

Alianza wiki ya pili ya Juni. Kwanza aliwasikiliza wenye ujuzi. Fundi Rutaihwa, mwenye gereji Bakoba, alimshauri aachane na vyuma hivyo vya zamani akatafute vya Corolla, vikatwe, viunganishwe kwa moto, kazi ya siku mbili. Hellen alimshukuru, akarudi nyumbani, akatandika mlango wa zamani juu ya mapipa mawili uani, ukawa meza yake.

Mimi nilidhani kutengeneza breki ni kufungua na kufunga. Jioni ya kwanza nilipopita kwenye uwazi wa michongoma nilikuta masinia manne mezani, moja kwa kila gurudumu. Kila kilichotoka kwenye gurudumu kiliwekwa kwenye sinia lake kwa mpangilio uleule kilivyotoka: springi ya juu juu, ya chini chini, skrubu kando ya tundu lake. Hakugusa gurudumu la pili mpaka la kwanza limekamilika, ili moja likimchanganya amtazame pacha wake. Niliuliza ni wapi alijifunza hivyo. Akasema cherehani ina vyuma zaidi ya mia, na kimoja tu kikibaki mezani baada ya kufunga, hujafunga.

Kila gurudumu lina silinda ndogo ya chuma ambamo mafuta husukuma pistoni, na pistoni husukuma viatu vya breki. Silinda zile zilikuwa zimeshika kutu. Hellen alizungusha msasa laini uliolowa mafuta ya breki kwa kidole kimoja, polepole, kila mara upande uleule. Baada ya siku tatu alinipa moja niitazame dhidi ya mwanga. Nilichungulia. Ndani yake kulikuwa safi na kung'aa kama ndani ya pete ya ndoa, na hapakuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilijikuta nimeishika kwa mikono miwili. Nimeingia makanisa makubwa nikatoka bila kuhisi nilichohisi pale, juu ya mlango uliotandikwa kwenye mapipa.

Silinda mbili alizikataa. Mikwaruzo yake ilikuwa midogo, mimi sikuiona hata aliponionyesha kwa ncha ya sindano. Aliagiza nyingine Mwanza zije kwa meli, pamoja na mipira mipya ya ndani na mabomba laini yanayofika kwenye magurudumu. Wiki mbili zikapita. Katika wiki hizo Kamala alimpigia simu mara tatu kuuliza kama gari limekwisha, na mara zote alijibiwa kwa upole uleule kwamba bado.

Viatu vya breki ndivyo vilivyompa furaha. Alivikuta kwenye sanduku la mbao la baba yake, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande cha kanga kuukuu, lainingi zake nene hazijaguswa na drami hata siku moja. Juu yake palikuwa na mafuta mazito yaliyoganda, ya rangi ya njano. Hellen alisema Tata, yaani baba yake, alivipaka grisi visishike kutu. Aliviosha kwa petroli, akavipangusa, akavipitisha msasa mpaka vikawa vikavu na vizuri. Alivishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Hapo ndipo kosa lilipoingia, na mimi na yeye tulikuwa macho.

Jumapili ya mwisho ya Julai, baada ya ibada, aliniita nimsaidie kutoa upepo kwenye breki. Ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga, mwingine yuko chini anafungua skrubu ndogo mafuta yatoke na viputo vyake. Nilipewa maneno matatu tu ya kufuata. Aliposema kanyaga nikanyage, aliposema shikilia nishikilie, aliposema achia niachie, na nisiwahi hata mara moja. Tulianza gurudumu la mbali, tukamalizia la karibu. Mwanzoni pedali ilizama kama mguu kwenye tope. Saa mbili baadaye nilikanyaga, na palepale juu mguu wangu ukagusa kitu kigumu kama sakafu. Nilikanyaga tena kuhakikisha. Hellen alitoka chini ya gari akiwa na mafuta kwenye nywele, akaniuliza nini. Nilimwambia tu akae yeye akanyage.

Ma Felicitas alikuwa kibarazani akimenya ndizi. Alimwambia kwa Kihaya, "Wakola, mwanangu," yaani asante kwa kazi, kisha akaendelea kumenya.

Jumatano, siku tatu kabla ya misa, Hellen alisema anakwenda kujaribu gari peke yake. Nilitaka kwenda naye, akakataa. Jaribio la kwanza si la abiria, alisema. Alipanda upande wa Kagondo ambako kuna mteremko mrefu usio na magari mengi asubuhi. Alinieleza baadaye yaliyotokea. Alisimama mara ya kwanza, gari likasimama sawa kabisa. Mara ya pili na ya tatu vivyo hivyo. Mtu mwingine angerudi nyumbani akipiga honi. Yeye aligeuza, akapanda tena, akashuka akiwa ameshikilia breki muda mrefu ili zipate moto, kwa sababu njia ya Kamachumu ina miteremko na breki ya baridi haisemi ukweli. Mara ya tano gari likavuta kushoto. Pedali ilikuwa ngumu vilevile, lakini magurudumu hayakushika. Aliingiza gia ya kwanza, akavuta hendibreki, akaliegesha gari kwenye tuta la majani.

Ndipo aliponusa. Kutoka gurudumu la mbele la kulia ilikuwa inatoka harufu ya samli iliyowekwa motoni.

Alirudi Bilele kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Alifungua drami la kulia, nami nikasimama nyuma yake. Lainingi ilikuwa inatoa jasho. Matone madogo ya njano yalikuwa yanachomoza katika ukanda ule uliokuwa mkavu, yanaungana, yanateremka. Samli ilikuwa imenywewa ndani, miaka kumi na moja, na petroli ilikuwa imeosha ya juu tu. Alifungua la kushoto, kisha ya nyuma. Yote yalikuwa hivyohivyo.

Alitazama kibarazani, ambako mama yake alikuwa amesinzia na fimbo mapajani. Nikaelewa. Kila mwaka, baada ya kulipaka gari, Ma Felicitas alifungua pia sanduku, akapaka kila chuma ambacho mumewe alikishika kwa mkono wake kabla ya kufa, akakifunga kwenye kanga yake. Kumwambia mama huyo kwamba mapenzi yake ndiyo yaliyoharibu breki, siku tatu kabla ya misa, lilikuwa jambo moja. Kulifunga drami na kunyamaza lilikuwa jambo jingine. Nilisimama pale nikiwa na hukumu tayari mdomoni, kama kawaida yangu, na nashukuru sikuulizwa.

Alhamisi Kamala akaja na Fundi Rutaihwa. Kamala si mtu mbaya. Alikuwa amealika watu mia mbili na alikuwa na mama mmoja. Fundi alizitazama lainingi, akasema ni kazi ndogo: unazimwagia petroli, unawasha kiberiti, mafuta yanaungua, unafunga, unakwenda. Wengi wanafanya hivyo. Kamala akamwambia awashe.

Hellen akavikusanya viatu vyote vinane kifuani kwake, akasema hapana. Alieleza kwamba moto ungeyachoma ya juu kama petroli ilivyoyaosha ya juu, na kwenye mteremko wa kwanza yangetoka ya ndani. Lainingi nyingine ziko Mwanza, na meli isingewahi Jumamosi.

Kamala alimkumbusha kwa ukali kwamba aliahidi mbele ya watu. Akauliza mafuta yaliingiaje kwenye breki, nani aliyaweka. Ma Felicitas alikuwa ameamka, anasikiliza. Nilimtazama Hellen.

"Nilizifunga mimi," alisema. "Mwenye kuzikagua nilikuwa mimi, na sikukagua vya kutosha. Kosa ni langu."

Nimeyapima maneno hayo mara nyingi kwa kipimo kikali nilichonacho. Sijakuta uongo ndani yake. Alikuwa amechukua sehemu yake yote ya kosa, na sehemu ya mwenzake hakuitaja.

Kamala alicheka bila furaha. "Mama ana miaka themanini na mitatu. Ukizidi kukagua, utakuja kumpeleka kwa Pijo akiwa kwenye sanduku."

"Akienda kwa Mungu, aende kwa siku zake," Hellen akasema. "Asiende kwa breki zangu."

Fundi Rutaihwa alirudisha kiberiti mfukoni. Kamala alikwenda kumsalimia mama yake, akatoka bila kumuaga dada yake. Kwa siku mbili zile habari ilizunguka Bilele na Bakoba kwamba Hellen wa vyerehani ameshindwa na gari, na kwamba kazi ya wanaume iachiwe wanaume. Wapo waliomtania kibandani kwake, wakimwuliza kama sindano ya Pijo ni namba ngapi. Aliwajibu kwamba ni namba ambayo bado haijafika na meli.

Jumamosi tulikwenda Kamachumu. Ma Felicitas alipanda gari la Kamala. Hellen alikaa kiti cha nyuma kabisa, mimi kando yake, na hakuna aliyezungumza naye mpaka tulipofika Muhutwe, katikati ya safari.

Misa ilikwisha salama, kaburi likabarikiwa. Kama ilivyo desturi, watu wakaombwa kusema neno juu ya marehemu. Kamala akasema, mzee mmoja wa ukoo akasema. Kisha Ma Felicitas akainuka kwa fimbo yake, ingawa hakuwa kwenye orodha. Mkono wa kushoto alikuwa ameshika kitu kilichofungwa kwenye leso. Alikifungua. Kilikuwa kiatu kimoja cha breki.

Alieleza kwa Kihaya, polepole, kwamba Alhamisi jioni alikiokota mezani kwa binti yake, akakinusa. Alisema pua yake ni nzee lakini samli ya Karagwe inaijua. Alipaka yeye, kila mwaka, kwa sababu alitaka vitu vya Joackim visikauke, na hakuna aliyemwagiza.

"Huyu alijua," akasema, akimwonyesha Hellen kwa kile chuma. "Alijua tangu Jumatano. Akasema kosa ni lake. Mliomcheka, nichekeni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mama huyo angeweza kwenda kaburini na siri yake na hakuna ambaye angemuuliza. Nimewahi kuona wakubwa wenye vyeo na elimu wakimsukumia mdogo kosa lao mbele ya watu. Pale nilimwona mjane wa miaka themanini na mitatu akilichukua lake mbele ya watu mia mbili. Kamala aliinua uso, akamwendea dada yake kati ya viti, akamshika mkono. Sikusikia alichomwambia, wala sikustahili kusikia.

Lainingi zilifika wiki ya mwisho ya Agosti. Hellen alianza tena mwanzo kabisa, masinia manne, gurudumu moja moja. Madrami aliyaosha kwa maji ya moto na sabuni mara nne, maana chuma nacho kilikuwa kimepakwa. Mimi nikakanyaga, nikashikilia, nikaachia. Kisha akapakia viroba vya mchanga kwenye viti, uzito wa watu watatu, akaupanda na kuushuka mteremko wa upande wa Kagondo mara kumi na mbili kwa siku mbili. Aliporudi alishika kila drami kwa mgongo wa mkono kulinganisha joto lake, kisha akapiga magoti akanusa magurudumu manne, moja baada ya jingine. Watu waliopita walisimama kumtazama mwanamke mtu mzima akinusa gari. Hakuna aliyemtania tena.

Katika wiki hizo Ma Felicitas aliugua mara moja, siku nne kitandani. Hellen alifanya kazi siku hizo bila kuharakisha hata skrubu moja. Nilimwona akikaza, akilegeza, akikaza tena, machozi yakimtiririka. Sijui kama mimi ningeweza.

Tulikwenda Jumanne moja ya Septemba, siku isiyo na sherehe yoyote. Ma Felicitas alikaa mbele, amevaa gauni lake la misa na kitambaa kichwani. Mimi nilikaa nyuma. Tulitoka mjini, tukapanda, kisha barabara ikaanza kushuka kuelekea Kemondo na ziwa likaonekana chini. Katikati ya mteremko pikipiki iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi ikatoka kwenye njia ya vumbi bila mwendeshaji kugeuza shingo.

Hellen alikanyaga. Gari likainama mbele kidogo na kusimama sawasawa, bila kuvuta kushoto wala kulia, bila mlio. Mikungu ikapita mbele ya boneti, karibu kiasi cha kuhesabu vichane. Mwendeshaji akainua mkono kusalimia, hakujua lolote. Alikuwa ni mmoja wa wale watu wa njiani ambao Mzee Byabato alisema wanamdai dereva breki nzuri, na deni lilikuwa limelipwa bila yeye kupewa taarifa.

Ma Felicitas alivuta hewa puani, akanusa kwa makini, mara mbili.

"Hakuna kitu," akasema.

"Hakuna, Mawe," Hellen akajibu, akimwita mama kwa Kihaya, na akatia gia.

Kamachumu hakukuwa na umati. Kamala, mkewe, na mzee mmoja jirani aliyekuwa anaanika kahawa. Pijo iliingia kwenye kibanja kati ya migomba, ikasimama hatua ishirini kutoka kaburini. Ma Felicitas alikataa mkono wa mtu yeyote. Aliufungua mlango mwenyewe, akatoa mguu mmoja, kisha wa pili, akasimama, akanyoosha gauni lake kwa kiganja. Alichukua muda wake. Alikuwa anaonwa.

Alipomaliza kusali alirudi kwenye gari na akatoa mkobani kopo dogo. Wote tulilijua kabla halijafunguliwa. Alichovya vidole viwili kwenye samli, akainama juu ya boneti, kisha akasimamisha mkono hewani na kumtazama binti yake.

"Hapa naruhusiwa?"

Hellen alilitazama boneti kama anavyotazama mshono.

"Hapo ruhusa, Mawe. Lakini magurudumu uniachie mimi."